Meza ya pulu iondolewe baa, isiondolewe mjini

Mwezi Julai mwaka 2025 wachezaji 128 kutoka mabara mbalimbali walikutana mjini Jeddah, Saudi Arabia, kuwania ubingwa wa dunia wa mchezo wa pulu ya mipira tisa. Mwishoni Mfilipino Carlo Biado alimshinda Fedor Gorst, mzaliwa wa Urusi anayeiwakilisha Marekani, kwa michezo 15 dhidi ya 13, akatwaa ubingwa pamoja na dola za Kimarekani 250,000. Ni habari ambayo wengi wetu tungeipita bila kuisoma, kwa kuwa katika fikra zetu pulu si mchezo, bali ni kisingizio cha kukaa baa.

Hata hivyo, yafaa tuelewe kwamba habari hiyo inaihusu Wilaya ya Rungwe kuliko tunavyodhani. Saa ya Jeddah na saa ya Tukuyu ni moja. Mchezo unaoanza kule saa mbili za usiku huonekana hapa saa mbili za usiku, wakati ambapo baridi ya Julai imekwisha kuwafukuza watu barabarani na Mlima Rungwe umejifunika ukungu. Kijana mwenye simu janja na bando la intaneti, awe Bulyaga, Katumba au Kiwira, aweza kumtazama bingwa wa dunia akipaka chaki fimbo yake katika dakika ile ile anapoipaka. Baadhi ya matangazo hayo ni ya bure na mengine hulipiwa. Lakini njia iko wazi, wala hakuna tena mlinzi wa kumzuia kijana wa Tukuyu asichungulie ndani ya ukumbi wa Jeddah.

Swali ni moja: akisha kutazama, kijana huyo aende wapi kujaribu alichokiona?

Jibu la leo ni kwamba aende baa, maana ndiko iliko meza. Na jibu hilo ndilo linalonifanya niandike makala haya. Nia yangu si kuwatetea wazururaji, wala si kuwadanganya vijana kwamba utajiri wa Jeddah unawangoja. Ninachosema ni kwamba mchezo wenyewe hauna kosa, kosa ni nyumba tuliyoupa. Tukiubadilishia nyumba, yale wanayoyatazama vijana wetu usiku yatakuwa shule. Tusipoubadilishia, yatabaki kuwa kishawishi cha kuwaita kwenye chupa na kamari.

Jina baya na lilikotoka

Mchezo wa pulu umepata jina baya katika nchi yetu, na jina hilo halikutoka hewani. Meza nyingi zimewekwa ndani ya baa au katika baraza za vilabu vya pombe. Huendeshwa kwa sarafu: ukitumbukiza sarafu mipira inashuka, na mchezo ukiisha inatakiwa sarafu nyingine. Desturi iliyoenea ni kwamba anayeshindwa ndiye anayelipia meza. Juu ya malipo hayo mara nyingi huwekwa dau, leo bia, kesho fedha taslimu.

Hata mchezo huo ulipopandishwa hadhi na kuwa na mashindano ya taifa, mikoa ikatoa mabingwa wake, mdhamini aliyejitokeza alikuwa kampuni ya bia, na mashindano yakabeba jina la bia ya Safari. Simlaumu mdhamini, kwani yeye alitoa fedha pale ambapo wengine hawakutoa. Lakini jambo hilo linaonyesha jinsi pulu na pombe zilivyokwisha kufungwa kamba moja, hata mtu akitaja ya kwanza msikilizaji ananusa ya pili.

Ndiyo maana viongozi wameukemea. Mwaka 1983, nchi yetu ilipoendesha kampeni ya Nguvu Kazi, kila mtu mwenye nguvu alitakiwa kuonyesha kazi halali inayompa riziki, na walioonekana wakizurura mijini walirudishwa mashambani. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 2016, Rais John Magufuli aliwataka wakuu wa mikoa wasikubali kuona vijana wakicheza pulu saa za kazi. Mzazi gani aliyemwona mwanawe ameinamia meza saa tatu za asubuhi, majembe yamelala na majani ya chai yanakomaa shambani, asingeunga mkono kauli hiyo?

Lakini tukiichunguza barabara tutaona kwamba kilichokemewa ni saa, si mchezo. Kucheza mpira wa miguu saa tatu za asubuhi siku ya kazi nako ni uvivu, wala hakuna aliyependekeza magoli yang'olewe. Yatupasa tuitendee pulu haki ile ile.

Wanachokiona vijana

Yeye ambaye hajapata kutazama pulu ya mabingwa atafikiri kwamba wanafanya yale yale yanayofanywa katika baa zetu, ila kwa mavazi mazuri zaidi. La hasha! Uwanja wa meza wanayochezea una urefu wa sentimita 254 na upana wa sentimita 127, mkubwa kuliko ule wa meza zetu za sarafu. Katika mipira tisa, mchezaji analazimika kugusa kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, na atakayeuingiza mpira namba tisa kwa halali ndiye mshindi wa mchezo.

Kanuni hiyo fupi huzaa hesabu ndefu. Kuuingiza mpira namba moja ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mahali utakaposimama mpira mweupe ili namba mbili ipatikane, na jinsi utakavyotoka kwenye namba mbili ili namba tatu isikwame. Bingwa asipoiona njia habahatishi. Huuficha mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine, ili mpinzani wake asione pa kulenga. Na katika mashindano makubwa saa humhesabia sekunde 30 tu kwa pigo.

Wazee wetu wanaocheza bao watayaelewa hayo bila kufundishwa. Mchezaji wa bao hatazami kete alizoshika mkononi peke yake, bali hutazama shimo zitakapoishia, na kutoka hapo hutazama mkono wa pili na wa tatu. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kupenda bao, wala hatukusikia mtu akimwita mzururaji kwa kuketi mbele ya ubao wenye mashimo. Pulu nayo ni mashimo na hesabu. Tofauti ni kwamba bao tumelirithi kwa babu zetu, nayo pulu tuliipokea mlangoni mwa baa.

Jambo la pili analoliona mtazamaji ni adabu. Mchezaji akikosea, huketi kitini pake kimya, na huenda akakaa dakika nyingi bila kugusa fimbo huku mwenzake akimaliza mchezo baada ya mchezo. Hana ruhusa ya kumpigia kelele, wala ya kusimama mbele ya macho yake. Mwamuzi akisema ni kosa, ni kosa. Watazamaji hunyamaza pigo linapopigwa na kushangilia likisha kupigwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa: nyuma ya utulivu ule kuna miaka ya mazoezi ya kila siku, ya kupiga pigo moja mara mia hadi mkono uzoee.

Hayo yote kijana wa Katumba anayaona katika kioo cha simu. Asubuhi yake, akienda kwenye meza iliyo karibu naye, anakuta muziki wa kupasua masikio, mlevi aliyeegemea pembe ya meza, na mwenye dau anayemtaka aweke fedha kwanza. Alichojifunza usiku kinafia hapo mlangoni.

Walikotoka wenzetu

Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa matajiri na kwamba mifano ya Jeddah haitufai. Hebu tumtazame Efren Reyes wa Ufilipino. Alizaliwa mwaka 1954 katika jimbo la Pampanga. Angali mtoto mdogo alipelekwa Manila kulelewa na mjomba wake aliyekuwa na ukumbi wa kuchezea pulu. Alikuwa mfupi mno hata akahitaji kupanda juu ya makreti ya soda ili aifikie meza, na usiku alilala juu ya meza hiyo hiyo. Mwaka 1999, mjini Cardiff, Wales, mtoto huyo wa makreti alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa. Biado naye, kabla ya kuwa bingwa wa dunia mwaka 2017 na tena mwaka 2025, aliwahi kuwa kijana wa kubeba fimbo za wacheza gofu. Mwaka 2023 aliyefika fainali ya dunia kule Kielce, Poland, alikuwa Mohammad Soufi, Msiria aliyekimbilia Ujerumani kama mkimbizi. Hao si wana wa matajiri.

Ni kweli, na haifai kuficha, kwamba Reyes mwenyewe alicheza kwa dau katika ujana wake, na wapo wanaosema kwamba dau ndilo lililomkomaza. Lakini nani aliyewahesabu wale waliolala juu ya meza kama yeye, wakacheza kwa dau kama yeye, kisha wakaamka bila fedha, bila kazi na bila jina? Historia humkumbuka aliyevuka mto, haiwataji waliochukuliwa na maji. Mlezi wa vijana hapaswi kupanga mambo yake kwa kumtazama mmoja aliyevuka.

Mfano wa Uingereza nao una funzo. Kule ndugu yake pulu aitwaye snuka alikuwa na jina baya kama hili letu. Kumbi zake zilikuwa na giza na moshi, na kijana hodari wa snuka alihesabiwa kuwa kijana aliyepoteza ujana wake. Mwaka 1969 televisheni ya BBC ilianza kuuonyesha mchezo huo kwa utaratibu, kwa kuwa mipira yake ya rangi ilifaa kuitangaza televisheni ya rangi iliyokuwa ngeni wakati huo. Mwaka 1985 fainali ya dunia kati ya Dennis Taylor na Steve Davis iliamuliwa na mpira mweusi wa mwisho katika mchezo wa mwisho, saa sita za usiku zikiwa zimepita, na watu milioni 18.5 walikuwa macho wakitazama.

Lakini mchezo huo ulikuwa na minyororo yake. Kuanzia mwaka 1976 ubingwa wake wa dunia ulidhaminiwa na kampuni ya sigara. Wengi waliamini kwamba sigara ikiondoka na mchezo utakufa. Sheria ikapiga marufuku udhamini wa tumbaku, na mwaka 2005 ukawa wa mwisho kwa mdhamini huyo. Je, mchezo ulikufa? Hadi leo ubingwa huo unachezwa mjini Sheffield kila mwaka. Basi anayetwambia kwamba pulu haiwezi kuishi Tukuyu bila chupa ya bia, na atuambie ni kwa nini snuka iliweza kuishi bila sigara.

Somo la mwaka 1986

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba mji mdogo unaweza kufanya jambo kubwa katika michezo. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, wana Banyambala, walipanda daraja na katika msimu wao wa kwanza wakatwaa ubingwa wa Tanzania Bara, vigogo wa Dar es Salaam wakiwa wanatazama. Hadi leo mzee wa hapa akisimulia mwaka ule uso wake hubadilika.

Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni, kwani kituo cha kwanza kilianza mwaka 1994. Mpira tuliusikia kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio moja ilikusanya nyumba kumi. Lakini tukumbuke kilichofuata baada ya mtangazaji kunyamaza: watoto walitoka mbio hadi uwanja wa shule na mpira wao wa matambara, kila mmoja akijiita kwa jina la mchezaji aliyetajwa redioni. Kusikiliza na kucheza vilikuwa hatua mbili za safari moja. Uwanja ulikuwapo, tena haukuwa na mlango wala muuza pombe.

Hicho ndicho kinachokosekana katika pulu. Masikio ya mwaka 1986 yamekuwa macho ya leo, na matangazo yamekuwa bora mara elfu, lakini uwanja wa kuendea baada ya matangazo umekosekana. Kijana anayetazama bila kucheza hugeuka kuwa mtumiaji wa jasho la wengine: bando linaisha, usiku unaisha, naye mkono wake haujajifunza kitu.

Ukwangala

Wazee wengine wa Rungwe watauliza kama kukusanya vijana kuzunguka meza si kuwafundisha tabia ya kigeni. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika mila zetu wenyewe. Wanyakyusa wana neno ukwangala. Maana yake ni raha ya kukaa pamoja na wenzio wa rika lako, kuzungumza, kula pamoja na kusaidiana. Kwa mila ya zamani wavulana waliofika umri wa miaka kumi hivi walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakakua humo pamoja hadi wakawa kijiji kamili. Mtaalamu Monica Wilson aliyaandika hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951, na wasomi wa dunia wameyasoma kwa mshangao.

Lakini angalieni jinsi mila ile ilivyopangwa. Wavulana walilala katika kijiji chao, ila walirudi kula kwa mama zao, na walirudi kulima mashamba ya baba zao. Wazee ndio waliowapa mahali. Hawakuwaambia, 'Tokeni tusiwaone.' Wala hawakuwaachia muuza pombe awachagulie mahali pa kukaa. Uhuru wa vijana ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilikuwa jembe na chungu cha mama.

Leo vijana wetu wanatafuta ukwangala ule ule, na wanaupata katika vibanda umiza vinavyoonyesha mpira wa Ulaya, katika vijiwe vya bodaboda, na kuzunguka meza ya pulu. Kiu yao ni ya haki. Sisi ndio tuliosahau wajibu wa kuwapa mahali.

Adui ni kamari

Katika mambo haya yote adui mkubwa si fimbo wala mpira, ni dau. Tufanye hesabu ndogo. Kijana anayetumbukiza sarafu ya shilingi 500 mara sita kwa siku anatoa shilingi 3,000. Kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 78,000, kabla ya kuweka dau hata la senti moja. Akiweka dau la shilingi 2,000 kwa siku na kushindwa nusu ya siku hizo, shilingi 26,000 nyingine zinaingia mifuko ya wenziwe, na akishinda nusu iliyobaki, aghalabu ushindi huo huishia kaunta. Fedha hiyo ingenunua mbolea, au ingelipa sare ya shule ya mdogo wake.

Sasa simu imeongeza dau la pili. Kioo kile kile kinachoonyesha mashindano hukaa bega kwa bega na matangazo ya kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inayo Bodi ya kuisimamia, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Lakini mtoto wa miaka 16 aliyeshika simu ya kaka yake nani anamwona? Anajifunza kutazama pigo zuri si kwa kulipenda pigo, bali kwa kuutazama mkeka wake. Huo ndio uharibifu wenyewe: macho yanageuzwa kuwa mate.

Lifanyike nini?

Kulalamika hakutoshi. Yapo mambo ambayo wilaya yetu inaweza kuyafanya kwa nguvu zake yenyewe, bila kungoja fedha za mfadhili.

La kwanza, Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, kwa kushirikiana na kata zake, itenge mahali pasipouzwa pombe ambapo meza ya pulu inaweza kuwekwa. Chumba cha jengo la kata, banda la soko lisilotumika, au ukumbi wa taasisi yoyote iliyo tayari kuutoa, vyote vinafaa. Mwenye meza hatapoteza kitu, kwani sarafu ni sarafu popote itumbukizwapo. Atakayelalamika ni muuza bia, naye hatuna wajibu wa kumlindia faida kwa mifuko ya watoto wetu.

La pili, kuwe na saa. Siku za kazi meza ifunguliwe saa kumi za jioni, chai ikisha kupimwa na soko la ndizi likisha kufungwa, na ifungwe kabla usiku haujawa mkubwa. Kwa njia hii agizo la kutocheza saa za kazi litatekelezwa bila kumfukuza mtu, maana mlango uliofungwa hauhitaji mgambo.

La tatu, kutazama kufanywe kwa pamoja. Vijana 20 wakinunua mabando 20 kutazama fainali moja ni hasara ishirini. Bando moja na kioo kimoja kikubwa katika chumba hicho, kila mmoja akichangia kidogo, kutawarudishia ukwangala na kuwapunguzia gharama. Tena anayetazama na wenzake huuliza: kwa nini amepiga polepole hivyo? Kwa nini ameuacha mpira ulio wazi? Na meza ikiwapo hapo hapo, majibu yanajaribiwa kabla hayajasahaulika.

La nne, dau lipigwe marufuku ndani ya chumba hicho, na mahali pake pawekwe mashindano ya kata kwa kata yenye zawadi inayojulikana na kutangazwa hadharani. Zawadi iliyotangazwa humpa kijana heshima mbele ya mji. Dau la kichochoroni humpa fedha aliyomnyang'anya rafiki yake.

La tano, wasichana wasisahauliwe. Mwaka 2024 bingwa wa dunia wa wanawake wa mipira tisa alikuwa Rubilen Amit, Mfilipino pia. Msichana wa Tukuyu mwenye jicho na mkono kama wake hawezi leo kuufikia mchezo huu bila kuingia baa na kuchafuliwa jina. Ukumbi usio na pombe ungewafungulia mlango nusu ya vijana wetu kwa siku moja.

La sita, Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, pamoja na chama cha pulu nchini, yafaa vilete waamuzi na walimu hadi wilayani. Kanuni za mchezo zikiandikwa kwa Kiswahili fasaha na kubandikwa ukutani, ugomvi mwingi utakwisha, maana ugomvi wa meza zetu hutokana na kila baa kuwa na sheria zake.

Watakaopinga

Watakuwapo watakaosema kwamba wilaya ina mahitaji makubwa zaidi: dawa, madawati, barabara zinazokatika kwa mvua zetu zisizo na mwisho. Nami nakubali. Lakini mapendekezo haya hayaombi fedha ya dawa wala ya dawati. Yanaomba chumba, ufunguo, saa na mtu mwaminifu. Na kijana aliyeharibika kwa pombe na kamari naye hugeuka kuwa gharama: kwa hospitali, kwa polisi, na kwa mama yake.

Wengine watasema tunawajengea vijana ndoto za Jeddah. Hapo hapana budi tuwaambie vijana ukweli bila kuuzungusha. Dola 250,000 zilikwenda kwa mtu mmoja. Wachezaji 127 waliobaki hawakuzipata, nao walikuwa miongoni mwa walio bora duniani. Anayeacha shamba la chai kwa kutegemea fimbo ya pulu amejidanganya. Lengo la ukumbi huu si kutoa bingwa wa dunia, ingawa akitokea tutamshangilia kama tulivyowashangilia Banyambala. Lengo ni kumpa kijana jioni ya heshima baada ya kazi, mahali pa kunoa akili na mkono, ambapo atarudi nyumbani akiwa na fedha yake mfukoni na miguu isiyoyumba.

Intaneti imekwisha kuvileta Jeddah, Manila na Sheffield hadi vilima vya Rungwe, na hakuna agizo litakalovirudisha. Vijana wataendelea kutazama, tupende tusipende. Lililo katika uwezo wetu ni kuamua watakapozima simu watakuta mlango gani uko wazi. Shime, waheshimiwa madiwani, wazazi na wenye meza: baraza la halmashauri litakapoketi, jambo hili na liingizwe katika ajenda, na kabla baridi ya Julai ijayo haijafika, kata moja tu, iwe ya kwanza, ioneshe mfano.